Mtu Ndani ya Picha ya Yangeyange

Jina la Bi Nafasi hakupewa na wazazi wake, wala hakujichagulia. Alibandikwa na mwenyekiti wa halmashauri, tena kwa hasira, mbele ya watu tisa waliokuwa kwenye foleni ya picha za pasipoti.

Wiki moja kabla ya hapo, mwenyekiti huyo alikuwa amekuja studio na suti mpya, na tai iliyomkaba hata akawa anameza mate kwa shida, apigwe picha ya kutundikwa ofisini. Aliketi kwenye kiti cha kuzunguka, akageuza uso kidogo kuelekea dirishani, kama wakubwa wapendavyo kuonekana kuwa wanaona mbali. Aliporudi kuichukua picha yake, alijikuta amewekwa upande mmoja, na upande wa pili, yapata nusu nzima, hakuna kitu ila pazia la kijivu.

"Hebu nieleze, mama," alisema, akiinua picha ili foleni nzima iwe shahidi. "Hii ni picha yangu au ya pazia lako?"

"Ni yako, mheshimiwa. Ila unatazama kule. Nikikata hapa karibu na pua, utakuwa kama mtu aliyegonga ukuta."

"Mimi nilikuja kupigwa picha, sikuja kupangishiwa chumba kitupu!"

"Hata ndege akiruka, mheshimiwa, lazima aachiwe pa kwendea."

Foleni iliangua kicheko. Mwenyekiti alikunja picha yake ndani ya bahasha, akatamka kwamba huyu si mpiga picha, huyu ni Bi Nafasi, akatoka. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamume ambaye hakuwahi kukosa ugomvi wowote wa mtaa ule ijapokuwa hakuna uliomhusu, aliliokota jina hilo kabla halijagusa chini. Kufikia jioni lilikuwa limeenea hadi kwa muuza mkaa. Picha nayo, licha ya manung'uniko yote, ilitundikwa ofisini na bado ipo.

Asilolijua mwenyekiti ni kwamba maneno yale ya ndege hayakuwa mzaha.

Mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka studio, nyuma ya mtambo wa maji, kuna mabwawa matatu ya kutuamisha maji kabla hayajasafishwa. Kingo zake zina nyasi na matete, na asubuhi hutua humo yangeyange weupe, korongo wachache na bata mwitu wasiopenda kuonana na mtu. Tangu alipokuwa msichana, Bi Nafasi alikuwa akienda huko kila siku ya mapumziko na kamera yake kupiga picha ya jambo moja tu: ndege anapoiacha ardhi. Ndege aliyetua hakumshughulisha. Ndege aliyekwisha kufika juu hakumshughulisha pia. Alichokitaka ni ule muda mfupi, mfupi kuliko kupepesa jicho, ambapo miguu imekwisha toka majini na matone yangali yananing'inia vidoleni.

Kila picha aliikata mara mbili. Mara ya kwanza aliikata kwa jicho, akiwa amepiga goti kwenye nyasi zenye umande, akiamua nini kiingie na nini kibaki nje. Mara ya pili aliikata mezani. Alikuwa na vipande viwili vya kadibodi nyeusi alivyovipunguza vikawa na umbo la kiwiko. Aliviweka juu ya picha, akavisogeza hivi na hivi, akabana chini, akalegeza juu, mpaka ndege alipokaa mahali pake, na mbele ya mdomo wake pakabaki anga la kutosha. Hapo ndipo aliposhusha kisu cha mashine ya kukatia karatasi. Kisu kile kilikuwa na mlio mmoja tu, na baada ya mlio huo hapakuwa na kurudi nyuma.

Siku hizo hakuwa peke yake. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, alikuwa fundi bomba wa mtambo ule wa maji, na ndiye aliyekuwa akiwarusha ndege. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Ndege huinuka kwa kuukabili upepo; kwa hiyo dada alijikalisha upande unakotoka upepo, ili ndege wakiinuka waje kumwelekea, na kaka akazunguka bwawa, akaja kutoka upande wa pili polepole, mikono mfukoni, akipiga mluzi kama mtu aliyepotea njia. Yangeyange huvumilia mluzi. Wasichovumilia ni mikono. Alipobakiza hatua ishirini hivi, kaka aliinua mikono yote miwili juu, na bwawa zima likainuka pamoja nayo.

Taabu ni kwamba kaka hakujua kusimama. Ndege wakiruka, naye alikimbia nyuma yao, akacheka, akateleza kwenye tope, akaingia kwenye picha.

"Toka kwenye picha!" dada alipaza sauti.

"Kwani picha ina mlango? Nionyeshe nitoke!"

"Kaka, leo nimepoteza picha tatu kwa sababu ya kichwa chako."

"Kichwa hiki ndicho kilichowarusha. Nao wana shukrani kuliko wewe." Aligeuza bega kumwonyesha doa jeupe kwenye shati. "Unaona? Wameniachia na zawadi."

Bi Nafasi alikuwa na daftari. Kila picha iliandikwa humo kwa namba, tarehe, upepo na hukumu: "Nzuri." "Mbawa zimefumba." "Mkia umekatika." "Hana nafasi." Na mara nyingi kuliko alivyopenda aliandika maneno mawili: "Mtu ndani." Picha iliyopata hukumu hiyo haikuchapwa. Na pale ambapo kaka alikuwa ameingia kidogo tu, mkono au kiatu, kadibodi zilisogezwa na kisu kikashushwa, na mkono au kiatu kikaanguka kwenye kapu la takataka pamoja na vipande vingine vya karatasi. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa. Picha nzuri ya ndege wa mwituni, alivyofundishwa na alivyoamini, haipaswi kuwa na dalili ya binadamu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, kaka alipata kazi ya mabomba katika nchi ya mbali. Dada alimpiga picha nne za pasipoti kwa kamera ya papo hapo, isiyobakiza filamu, na zote nne zikaenda, kwa kuwa kila ofisi ilidai yake. Usiku wa kuamkia safari, mama yao alipokuwa akimpangia nguo, kaka alichukua albamu ya familia kutoka juu ya kabati na kuiingiza katikati ya mashati.

"Nyinyi mna mpiga picha ndani ya nyumba," alisema. "Mtapiga nyingine. Mimi kule nikiwakumbuka nitamtazama nani?"

Mama hakubisha. Aliongeza shati jingine juu ya albamu, isije ikapata mikwaruzo.

Kwa miaka mitatu alipiga simu. Kisha simu zikawa za nadra, kisha namba yake ikawa haipatikani. Barua zilizotumwa zilirudi na mihuri. Mtu mmoja aliyetoka huko alisema kampuni ile ilikwisha funga na mafundi wake wametawanyika. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema yu hai. Nyumbani mama aliendelea kusema, "Mwanangu hapendi chai ya sukari nyingi," kama mtu anayemtarajia kwenye chai ya jioni ileile.

Bi Nafasi naye aliendelea kwenda bwawani. Sasa hapakuwa na wa kuwarusha ndege, basi alijifunza kungoja waruke wenyewe. Aligundua kwamba yangeyange kabla ya kuruka hurefusha shingo, huinama kidogo, kisha huenda haja, kupunguza mzigo. Jambo ambalo kaka angelicheka wiki nzima. Kamera za filamu zilipitwa na wakati, akanunua ya kisasa, na kadibodi zikarithiwa na kompyuta. Lakini kila alipopiga goti kwenye zile nyasi, alijikuta akiangalia kwanza ng'ambo ya bwawa, mahali pale palipokuwa pakitokea mluzi, na ndipo akaangalia ndege.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, alimpeleka mama hospitali ya macho. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akamweleza binti taratibu. Ilikuwa presha ya macho, nayo ilikuwa imekula pande zote. Kilichobaki ni katikati tu; mama alikuwa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa zingechelewesha tu. Bomba hilo lingezidi kuwa jembamba, kwa miezi, labda kwa mwaka, na halingepanuka tena.

Walirudi nyumbani. Mama aliketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akakunja kanga yake magotini, akasema, "Mwanangu, sikuombi makubwa."

"Sema, Mama."

"Nataka nimwone kaka yako kabla hapajafungwa. Nitolee picha yake. Wewe si fundi?"

Bi Nafasi aligeuka kutazama ukutani. Kinyozi hajinyoi. Katika nyumba ya mpiga picha, ambamo kuta za sebule zilijaa ndege, hapakuwa na picha hata moja ya kaka yake. Albamu aliondoka nayo. Shuleni kwake walikuwa na picha ya darasa zima, lakini ndani yake uso wake ulikuwa mdogo kama punje ya mtama.

"Nitatafuta," alisema.

"Usichelewe," alisema mama, pasipo ukali wowote.

Alianza na picha zilizo ukutani. Alizishusha moja moja na kuzipitisha lenzi ya kukuzia, pembe kwa pembe. Zilikuwa picha safi. Aliwahi kujivunia usafi huo. Kila mahali ambapo kaka alikuwa amesimama, kisu kilikuwa kimepita.

Zilibaki negativu, zile filamu zenye picha iliyogeuzwa rangi, ambazo picha huchapwa kutokana nazo. Kule studio, chini ya meza, palikuwa na masanduku manne ya bati ambayo hayakuwa yamefunguliwa tangu siku za filamu. Fundi cherehani alipoingia kuazima mkasi, alikuta miguu tu ikichungulia.

"Bi Nafasi! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wewe naona umehamia kabisa."

"Nipokee sanduku hili, badala ya kusimama."

Alilipokea, akakohoa vumbi. "Una nini humu, mahari ya bibi?"

"Namtafuta kaka yangu."

 Fundi alifuta sanduku kwa kitambaa kilichokuwa begani mwake, akavuta kigoda, akasema, "Haya. Nipe kazi. Macho yangu hutunga uzi kwenye sindano ndogo bila miwani."

Bi Nafasi alifungua daftari la kwanza. Kama desturi yake, alikwenda kwa mpango. Hakuhitaji kutazama negativu zote elfu mbili na ushee. Daftari lenyewe lingemwambia. Fundi alisoma kwa sauti, yeye akaandika namba pembeni: mtu ndani, mtu ndani, mtu ndani. Zilikuwa arobaini na tatu.

"Mbona ulimwandika kama mwizi?" fundi aliuliza.

Bi Nafasi alikuwa anakumbuka jambo jingine. Filamu zilizosafishwa alizikata vipande vya picha sita sita, na picha mbaya iliyoangukia mwanzo au mwisho wa kipande aliipunguza kwa mkasi na kuitupa, sanduku lisijae. Alikuwa na bidii ya kupunguza. Lakini picha mbaya iliyokaa katikati ya nzuri mbili haikuwezekana kuiondoa bila kuwajeruhi majirani zake. Hiyo iliponea hapo. Alilinganisha namba zote arobaini na tatu na vipande vilivyokuwa masandukuni. Thelathini na nne zilikuwa zimetupwa. Tisa zilikuwa zimebaki.

Alizipanga tisa hizo juu ya kioo chenye taa chini yake, akainama na lenzi. Ya kwanza ilikuwa na kisigino. Ya pili ilikuwa na kivuli juu ya maji, kivuli kizuri, kimekunjamana kwa mawimbi. Ya tatu, mgongo. Ya nne, mkono hadi kwenye kiwiko. Ya tano na ya sita zilikuwa za mgongo tena, shati likipepea. Ya saba alikuwa ameanguka topeni, na kinachoonekana ni nyayo za viatu. Katika ya nane hakuona chochote hata baada ya kuitazama mara tatu. Labda alikuwa ameandika kwa hasira tu.

Fundi alisogeza kigoda karibu na kioo.

Ya tisa, ndege walikuwa wamekwisha pita. Waliobaki ndani ya picha ni watatu, juu kabisa pembeni kulia, na hata hao walikuwa ukungu. Upande wa kushoto, kuanzia kiunoni kwenda juu, alisimama mtu, mikono yote miwili imeinuliwa, uso umewafuata ndege, mdomo wazi. Katika negativu ngozi huwa nyeupe na meno huwa meusi, lakini mtu hamsahau ndugu yake kwa sababu ya rangi. Bi Nafasi aliweka lenzi chini, akarudi kwenye daftari, akausoma mwandiko wake mwenyewe: "Namba kumi na saba. Upepo wa kusini. Ndege wamekwisha pita. Mtu ndani. Haifai."

"Ni yeye?" fundi aliuliza.

"Ni yeye. Anacheka."

Fundi aliondoka polepole, akausahau mkasi aliokuja kuuazima.

Alasiri yote Bi Nafasi alikaa mbele ya kompyuta. Aliipiga picha negativu ile juu ya kioo chenye taa, akageuza nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi, na kaka yake akatokea kwenye skrini akiwa na miaka ishirini na saba, tope kwenye shavu. Sasa ilibaki kukata. Alifikiria macho ya mama: bomba, na ndani ya bomba duara dogo. Picha pana isingeingia humo. Basi alifanya kitu ambacho mikono yake haikuwahi kukifanya. Alisogeza mstari wa kulia kuelekea kushoto, akawaondoa ndege wote watatu, akaondoa anga, akaondoa mikono, akambakiza uso peke yake, umejaa picha kutoka ukingo hadi ukingo. Pua ilikaribia kugusa mpaka. Ilimuuma kuikata hivyo, lakini aliikata.

Mama aliishika picha hiyo kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, mpaka ilipoingia kwenye duara lake. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya shavu lile lenye tope, kikirudi, kikipita tena, kama anayelipangusa.

"Ndiye," alisema. "Na jino lake hilo." Kisha akakunja uso. "Lakini mbona umembana hivi? Amefungiwa wapi?"

"Nimeikata ili uione, Mama. Iingie machoni."

"Anamcheka nani?"

"Ndege. Walikuwa wameruka."

"Ndege wako wapi?"

"Nimewatoa."

Mama alimgeukia, akimtafuta kwa lile duara mpaka alipompata. "Watu wanakuita Bi Nafasi, halafu kaka yako unamziba pumzi? Nirudishie na ndege wake. Nina muda wa kutembea."

Siku ya pili alimletea picha nzima, ndefu kama mkono, bila kuipunguza popote. Aliilaza mezani karibu na dirisha. Mama aliinama, akaanza safari kutoka kushoto. Alimkuta mwanawe, akakaa naye kwa muda. Akapanda kwa mkono mmoja ulioinuliwa, akafika kwenye vidole, akarudi, akapanda kwa mkono wa pili. Kisha akaanza kwenda kulia, kidole kikitangulia na jicho likifuata.

"Hapa hapana kitu," alisema.

"Ndiyo, Mama. Hapo pameachwa wazi."

"Panaendelea."

"Panaendelea. Twende tu."

Kidole kiliendelea taratibu juu ya anga tupu. Bi Nafasi alikiona kikipita utupu ule ambao maisha yake yote alikuwa akiupima kwa kadibodi, na kwa mara ya kwanza aliuona kuwa ni mrefu. Alitaka kumsaidia mama, kumshika mkono na kumfikisha haraka, akajizuia.

"Hawa hapa," mama alisema hatimaye. "Mmoja. Wawili. Na huyu wa tatu." Akatulia juu yao. "Hawaonekani vizuri."

"Walikuwa wanakwenda kasi."

"Si neno. Wameonekana." Kisha akaanza kurudi kushoto, mwendo uleule, hadi kwa mwanawe.

Tangu siku hiyo picha hiyo hukaa mezani, haijatundikwa, kwa sababu mama huitembea kila asubuhi, na kila mwezi safari huwa ndefu zaidi. Karibuni alimwambia binti yake kwamba siku bomba litakapoziba atakuwa ameijua njia kwa kidole.

Wiki iliyopita aliingia studio muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo mwenye begi begani. Alikuwa amepata kazi ng'ambo, naye alihitaji picha nne za pasipoti kabla ya saa kumi.

"Usinikate masikio, dada," alisema. "Wanakataa."

"Hapa hakatwi mtu masikio. Kaa wima, shusha kidevu. Tazama hapa. Mama yako yupo?"

"Yupo. Kwani naye anatakiwa?"

"Hapana. Shusha kidevu."

Muuguzi alipokwenda kungoja barazani, ambako fundi cherehani alikwisha anza kumhoji juu ya baridi ya huko aendako, Bi Nafasi alichapa karatasi yake na kuiweka kwenye mashine. Alikata ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akazipanga, akalinganisha kingo, akazitia katika bahasha ndogo. Kisha akavuta karatasi nyingine, ambayo muuguzi hakuwa ameiagiza, yenye uso uleule ila umewekwa pembeni kidogo, na upande wa pili pameachwa pazia jingi la kijivu. Aliisukuma chini ya kisu, akaipunguza ukingo mweupe pande zote nne, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya risasi, "Ya nyumbani," akaitia kwenye bahasha ya pili, akalamba gundi na kuifunga.